Usimkimbize Mtoto kwa Pete ya Lenzi

Maneno haya niliyatoa mbele ya wapiga picha wenzangu wanaotumia kamera za filamu. Nayaweka hapa yote kwa ajili ya walioshindwa kufika. Picha zilizoonyeshwa ukutani hazimo. Palipokuwa na haja nimezisimulia.

Ndugu zangu, wazee wangu, na ninyi vijana mlioketi huku mbele na kamera zenu mapajani, nawashukuru kwa kunipa nafasi.

Naomba nianze kwa kuwauliza. Nani humu ndani ana picha ya mtoto wake akikimbia nje, iliyopigwa kwa kamera ya filamu ya kulenga kwa mkono, na macho ya mtoto yametoka makali? Nyosheni mikono tuone. Wawili. Watatu. Asante mama, nimekuona, wanne.

Sasa nani ana picha ambayo mti ulio nyuma ya mtoto unahesabika jani kwa jani, na mtoto mwenyewe ni ukungu?

Mnaona? Ukumbi mzima. Basi hakuna mgeni hapa, na ninaweza kusema bila kuficha.

Mimi picha za namna hiyo ninazo 33, katika mkanda mmoja. Binti yangu alikuwa na miaka minne. Nilikuwa nimepata kamera ya kioo, ile ambayo kioo cha ndani kinakuonyesha kile lenzi inachokiona, yenye lenzi ya milimita 50, nzuri, ya chuma, nikatoka naye uwanjani alasiri moja. Alikimbia, akazunguka, akaanguka, akainuka akicheka, na mimi nikawa nyuma yake nikizungusha pete ya fokasi, ile ya kulengea umbali, kulia na kushoto kama mtu anayetafuta stesheni ya redio. Mkanda uliposafishwa nikauning'iniza dirishani, nikashika kioo cha kukuzia, nikapita fremu moja baada ya nyingine. Katika picha 36, tatu tu ndizo zilizokuwa na macho makali, na katika zote tatu mtoto ameketi, amechoka, ananisubiri nimalize. Zile mbio, lile gauni lililopepea, kile kicheko cha mdomo wazi, vyote vilikuwa vimezama kwenye ukungu. Fremu ya 19 naikumbuka hadi leo. Kiatu chake kimoja kimemchomoka, kiko hewani nyuma yake, kikali kiasi kwamba unaona matundu ya kamba. Uso wake, nusu mita mbele ya kiatu, hauna hata pua.

Leo binti huyo ana kimo changu. Alasiri ile hairudi. Nasimama hapa kwa sababu humu ndani wamo wazazi ambao watoto wao bado wana miaka minne.

Tufanye hesabu kwanza, maana wengi wetu tunajilaumu bure. Tunasema mikono yetu mizito, macho yetu yamechoka. Mtoto wa umri ule akikimbia kwa raha zake huenda kama mita 3 kwa sekunde. Tangu jicho lako lione hadi kidole kiitikie, robo ya sekunde imekwisha. Katika robo hiyo mtoto amesogea sentimita 75. Sasa tazama lenzi yako ya milimita 50, umeifungua f/2, yaani tundu lake wazi sana, kwa sababu unapenda mandhari ya nyuma ilegee vizuri, na mtoto yuko mita 3. Eneo lililo kali linaanzia mita 2.8 na kuishia mita 3.2. Ni sentimita 40 na kidogo. Mtoto anaingia humo na kutoka kabla kidole chako hakijabonyeza. Ni nani anayeweza kushinda hesabu hiyo kwa kuzungusha pete? Wapo wachache waliozoezwa na miaka mingi ya kazi. Mimi simo, na wengi wenu hammo.

Na bado picha za watoto wanaokimbia zipo, tena zipo tele. Kamera ya kwanza kuuzwa kwa wingi ikiwa na uwezo wa kujilenga yenyewe ni Konica C35 AF, na ilitoka 1977. Minolta 7000, iliyouleta uwezo huo ndani ya kamera za kioo zikapendwa na watu, ilitoka 1985. Kabla ya hapo? Mpiga picha Mfaransa Jacques Henri Lartigue alimpiga binamu yake akiruka kwenye ngazi, miguu yote hewani, mwaka 1905, naye Lartigue mwenyewe alikuwa bado mtoto. Martin Munkácsi, mpiga picha wa Hungaria, alipiga wavulana watatu barani Afrika wakikimbilia mawimbi, mnamo 1930, na Henri Cartier-Bresson, mpiga picha mashuhuri wa Ufaransa, alikiri kwamba picha ile ndiyo iliyomsukuma kwenye kazi hii. Kamera ya Brownie ya Kodak, ya mwaka 1900, haikuwa na pete ya fokasi kabisa! Tundu lake lilikuwa dogo, lenzi imekaa mahali pamoja, na familia zikapata picha za watoto wao.

Jiulizeni watu hao walijua nini ambacho mimi sikukijua alasiri ile.

Mimi nilifunzwa na mzee mmoja ambaye maisha yake yote alipiga harusi na watoto wa shule kwa kamera za mkono. Nilimpelekea mkanda wangu. Hakuusema vibaya. Akachomoa mfukoni kamba nyembamba, chafu kwa kushikwa, yenye mafundo. Fundo la kwanza mita 1, la pili mita 1 na nusu, kisha mita 2, mita 3, na mwisho kabisa mita 5. Akanipa. Akaniambia nitembee nayo wiki mbili bila filamu ndani ya kamera. Nione nguzo, nikadirie, kisha nipime kwa kamba. Nione mlango, nikadirie, nipime. Wiki mbili, ndugu zangu, bila picha hata moja. Mwanzoni nilikosea kwa mita nzima. Mwishoni nikawa nakosea kwa kiasi cha kiganja.

Niliporudi akanitoa nje, watoto wanacheza mpira. Akauliza, "Yule pale, mita ngapi?" Nikaanza kumfuata mtoto kwa macho. Akanishika bega: "Unamtazama mtoto. Tazama ardhi anayoikanyaga."

Tazama ardhi anayoikanyaga. Mtoto hakai, lakini ardhi inakaa. Ile alama ya majani yaliyokauka iko mita 3 leo na itakuwa mita 3 baada ya dakika kumi. Lenga alama. Shusha mkono kwenye pete, usiiguse tena. Subiri. Mtoto atapita juu ya alama ile, na atapita tena, maana mchezo wa watoto una njia zake kama mchwa wanavyokuwa na njia zao.

Sasa chukua lenzi ileile ya milimita 50, ibane hadi f/8 (namba ikikua, tundu linakuwa dogo), ilenge mita 3. Eneo kali linaanzia mita 2.3 hadi mita 4.2. Umetoka sentimita 40, umefika karibu mita 2. Chukua lenzi ya milimita 35, f/8, ilenge mita 2 na nusu: kuanzia mita 1.7 hadi karibu mita 4.9 kila kitu kinakaa sawa. Hiyo ni zaidi ya mita 3 za ua, na mtoto anaweza kufanya fujo zake zote humo ndani. Namba hizi huna haja ya kuzikariri. Zimechorwa kwenye lenzi yako, zile jozi za namba kushoto na kulia ya alama ya katikati, ambazo wengi tunazipita kama mapambo. Tahadhari moja tu: alama hizo zilikokotolewa kwa picha za ukubwa wa wastani. Ukikusudia kuikuza picha ukutani, kuwa mkali zaidi. Ukipiga kwa f/11, soma alama za f/8.

Na kama hukubeba kamba, mtoto mwenyewe ni kipimo. Mtoto wa miaka mitano ana kimo kama mita 1.1. Kwa lenzi ya milimita 50, kamera ukiwa umeilaza kawaida, akijaza fremu kutoka unyayo hadi utosi yuko kama mita 2.3 kutoka kwako. Akijaza nusu ya fremu yuko kama mita 4.6. Pima kimo cha mwanao leo usiku, fanya hesabu hiyo kwa lenzi yako, uandike kwenye kipande cha karatasi, ukibandike nyuma ya kamera. Mimi nilikuwa nacho miaka kadhaa hadi maandishi yakafutika kwa jasho la shavu.

Kuna jambo dogo hapa ambalo watu hulisahau: unasimama wapi? Mtoto anayekujia uso kwa uso anabadilisha umbali kila hatua. Mtoto anayepita mbele yako, kutoka kushoto kwenda kulia, anakaa karibu umbali uleule. Basi simama ubavuni mwa mchezo. Ni kweli kwamba akikatiza hivyo anaonekana kwenda kasi zaidi ndani ya fremu, kwa hiyo ongeza kasi ya shata, lile pazia linalofunguka kupitisha mwanga, au msindikize kwa kamera, ukigeuka naye kiunoni. Hiyo ni kazi nyepesi kuliko kukimbizana na umbali.

Nimalizie habari ya mwendo kwa bembea, maana bembea ilinifundisha kuliko vitabu.

Mpwa wangu wa kiume, wakati huo ana miaka sita, alikuwa mtu wa bembea. Ukimtafuta yuko kwenye bembea. Nikampiga kila inapopita chini, kwa sababu hapo ndipo anapokuwa karibu nami na uso wake mkubwa. Zote zikaharibika. Nikaketi kwenye nyasi, kamera mapajani, nikaitazama tu ile bembea ikienda na kurudi. Na hapo nikaona kitu ambacho kilikuwa mbele ya macho yangu siku zote. Bembea inakwenda kasi zaidi pale chini. Inapanda, inapunguza mwendo, inapunguza, na kule juu kabisa, kabla ya kurudi, inasimama. Inasimama kweli! Kwa kitambo kidogo mtoto yuko hewani, nywele zinaendelea mbele, minyororo inalegea, na mwili ni kama haugusi chochote. Hapo hata 1/125 ya sekunde inatosha.

Nikahamia mbele ya bembea, kando kidogo ili asinipige teke, nikalenga pale anapofikia kileleni. Nilimwambia shangazi yake akae kwenye bembea na nikaishikilia pale juu huku nikipima kwa kamba. Kisha mtoto akarudi. Picha sita, tano kali. Katika mmoja wa mikono yake unaona kutu ya mnyororo imeacha mistari kwenye vidole.

Tangu siku hiyo natafuta kilele. Anayeruka kamba ana kilele. Anayeruka dimbwi ana kilele. Anayerushwa juu na baba yake ana kilele, na huyo ndiye mtamu kuliko wote, kwa sababu pale juu ndipo uso unapofunguka. Hata anayekimbia, akifika ukutani ili aguse na kurudi, ana nukta ambapo hana mwendo wowote. Itafuteni nukta hiyo. Wekeni fokasi hapo kabla yake.

Na mbonyeze mapema. Wenye kamera za kioo nisikilizeni vizuri: kioo kinaponyanyuka, kitazamio kinakuwa giza. Ukiiona ile sura nzuri ndani ya kitazamio, ujue hukuipata. Ile uliyoipata ndiyo ambayo hukuiona. Wenye renjifaenda, zile kamera ambazo hamtazami kupitia lenzi bali kupitia kidirisha cha kupimia umbali, mnaona kila kitu bila giza, hiyo ni neema yenu, lakini mna lenu la kuvumilia: kale kadoa ka katikati kanahitaji kitu chenye ukingo ili picha mbili zikutane, na shavu la mtoto ni duara na laini, halina ukingo. Vivyo hivyo kwa lile duara linalokata picha vipande viwili kwenye kamera za kioo. Msilenge shavu. Lengeni kola ya shati, mstari wa kitambaa, nywele zinapokutana na paji la uso. Na kama lenzi yenu haifunguki sana, nusu moja ya duara itakuwa nyeusi; hapo tumieni sehemu ya kioo iliyo pembeni ya duara, msipoteze muda.

Sasa mwanga. Naomba mnivumilie hapa, kwa sababu hapa ndipo ninapoumia.

Nje kuna mwanga mwingi, na huo ni upande wetu. Mnaijua kanuni ya kale: jua kali, f/16, kasi ya shata karibu sawa na namba ya filamu, ile inayosema filamu ni nyepesi kiasi gani kupokea mwanga. Filamu ya 400, basi 1/500. Ukitaka kasi zaidi, f/11 na 1/1000, na kamera nyingi za zamani zinaishia hapo. Tazameni jinsi mambo yanavyokubaliana: jua linalokulazimisha kubana lenzi ndilo linalokupa zile mita mbili tatu za ukali tulizozizungumza. Na kasi? Kwa 1/60 mtoto wetu wa mita 3 kwa sekunde anasogea sentimita 5 shata ikiwa wazi. Kwa 1/500 anasogea milimita 6. Mikono na miguu huenda kasi kuliko kiwiliwili, hiyo itafifia kidogo, na mimi naipenda ikififia. Uso ukitulia, mguu ukififia, mtu anaamini kwamba mtoto alikuwa anakimbia.

Ila jua la utosini haliwafai watoto. Linachimba mashimo meusi chini ya nyusi, mtoto anakunja uso, na macho yale tuliyoyahangaikia hayaonekani hata yakiwa makali. Nendeni ukingoni mwa kivuli. Si ndani kabisa ya kivuli, ukingoni, mtoto ageukie upande wenye nuru. Hapo filamu ya 400 inataka kama f/5.6 na 1/500. Kwa lenzi ya 50 kwenye mita 3 bado una zaidi ya mita moja ya ukali. Inatosha.

Sasa kinachoniuma. Niliombwa niwapige ndugu wawili, watoto wa jirani, ngozi zao nyeusi nzuri ya kung'aa, wakicheza kwenye mchanga mweupe juani. Nilifuata kipima mwanga cha kamera. Nilifanya kila kitu sawasawa na kilivyosema. Negativu, yaani filamu iliyosafishwa yenye picha iliyogeuzwa mwanga kuwa giza, ziliporudi, mchanga ulikuwa umeandikwa vizuri, kila wimbi lake. Nyuso mbili za watoto zilikuwa wazi kama kioo. Mnajua maana yake kwenye negativu: pale filamu ilipo wazi, hakuna kitu kilichoandikwa. Hakuna dawa wala karatasi itakayorudisha uso ambao haukuingia. Niliwarudishia wazazi picha ya mchanga na vivuli viwili vyenye nguo.

Kipima mwanga hakijui kwamba mbele yake kuna mtoto. Kinachojua ni kijivu cha wastani. Kikiona mchanga mweupe mwingi kinadhani mwanga umezidi, kinakwambia ubane, na mtoto mweusi anazama. Na msidhani shida hii ni ya kipima peke yake. Kwa miongo mingi kadi ambazo maabara zilitumia kupimia rangi za picha zilikuwa na sura ya mwanamke mweupe, na ngozi nyeusi haikuwamo kwenye hesabu. Kwa hiyo anayempiga picha mtoto mweusi ana wajibu wa kupima mwenyewe, kwa mkono wake, asimwachie mtu wala chombo.

Namna yenyewe ni rahisi. Nyosha kiganja chako kwenye mwanga uleule unaomwangukia mtoto, ukielekeze kule unakoelekea uso wake, sogeza kamera hadi kiganja kijaze kitazamio, usome. Viganja vya watu wengi, hata wenye ngozi nyeusi, ni vyeupe kuliko kile kijivu, kwa hiyo ongeza mwanga hatua moja, yaani mara mbili yake. Kama ilisema f/11, weka f/8. Kisha usikiangalie tena kipima hadi mwanga ubadilike. Mchanga utang'aa kupita kiasi? Ung'ae! Filamu ya negativu inavumilia mwanga uliozidi kwa hatua mbili bila manung'uniko, uliopungua haiuvumilii. Aliyeweka filamu ya slaidi, ile inayotoa picha moja kwa moja bila negativu, ndiye anayepaswa kuogopa kuzidisha, na kwa watoto wanaokimbia simshauri mtu slaidi.

Na ule mchanga ulioniangusha, niliurudia. Safari ya pili niliwaweka watoto wakicheza mchanga ukiwa mbele yao na jua nyuma yao. Mchanga ukawa taa. Mwanga ulipanda kutoka chini, ukaingia machoni, chini ya kidevu, na ngozi zao zikatoka na rangi zake zote, ile ya kahawia na ile ya buluu inayokaa kwenye mashavu. Kinga lenzi kwa kiganja jua lisiiguse. Basi.

Nipite haraka kwenye kimo. Piga magoti. Mtu mzima akisimama anapiga utosi na mabega. Wenye kamera za lenzi mbili, za kutazamia kutoka juu, mna bahati, kamera inakaa tumboni na macho yake yanakutana na ya mtoto bila ninyi kuinama. Kumbukeni tu kwamba picha kwenye kioo chake imegeuka kushoto kwenda kulia. Mtoto akikimbilia kulia mikono yenu itataka kwenda kinyume. Hilo nalo ni la mazoezi ya wiki mbili bila filamu. Na mkumbuke mna picha 12 tu kwa mkanda.

Picha 12, au 36. Hilo linabadilisha mtu. Niliwahi kupiga siku nzima ya michezo ya watoto, nikafika 36, nikapita 37, 38, nikaona ajabu, nikarudisha mkanda, ukarudi mara moja bila uzito wowote. Haukuwa umeshika. Siku nzima nilikuwa napiga giza. Kila mnapovuta mkono wa kupeleka filamu mbele, tazameni kile kitasa cha kurudishia upande wa kushoto. Kikizunguka, filamu inakwenda. Kisipozunguka, simameni hapohapo. Pakieni kivulini. Na ukibakiwa na picha tatu, usizipige kwa kuwa zimebaki. Mchezo mzuri wa watoto huja mwishoni, wakishasahau kwamba upo. Mwenye pupa hadiriki kula tamu.

Na kabla ya yote, ombeni ruhusa kwa wazazi. Sina mjadala kwenye hili. Mtoto asiye wako, mzazi hayupo, funika lenzi.

Ninalo moja la mwisho. Watoto wa siku hizi ukiwapiga picha wanakuja mbio nyuma ya kamera: nione, nione! Kwenye kamera zetu hakuna cha kuona. Wanagusa chuma, wanatafuta kioo, hawakipati. Mara ya kwanza wanasikitika, mara ya pili wanauliza kwa nini, mara ya tatu hawaji tena, wanarudi kwenye mchezo wao. Hapo ndipo kazi yetu inapoanza. Lakini kuanzia hapo una deni, na usipolilipa usirudi kwa watoto hao.

Msichana mmoja, miaka sita hivi, nilimpiga akiruka kamba. Nilimpata kileleni, mita 3, f/11, akicheka, na mbele pale juu hana meno mawili. Mkanda haukuwa umekwisha, ukakaa ndani ya kamera, kisha nikachelewa kuupeleka kusafishwa, na picha nikaipata baada ya wiki saba. Nilimpelekea. Aliishika kwa vidole viwili, pembeni, kama nilivyomwonyesha. Hakusema kitu. Akaisogeza karibu na uso, akaweka ncha ya kidole kwenye lile pengo pichani. Kisha akakitoa kidole, akakiingiza mdomoni, akapapasa pale mahali penyewe, ambapo jino jipya lilikuwa limeshachomoza, ncha tupu, yenye meno madogo kama ya msumeno. Akarudisha kidole kwenye picha. Akarudi mdomoni. Mama yake akamwita mara mbili, hakuitika.

Asanteni sana kwa kunisikiliza.